Mchanga wa Mgambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jenoveva alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja, aliosha vyombo vya usiku, kisha alibadilisha mchanga wa Mgambo. Kazi mbili za kwanza hazikumsumbua. Ile ya tatu aliichukia.

Mgambo alikuwa paka wa Bibi Adventina, mama mzazi wa baba yake. Bibi alimpa jina hilo kule Butiama kwa sababu alilinda ghala la ulezi na mahindi, na panya aliyekutana naye mara moja hakukutana naye tena. Mwezi wa kwanza mwaka huo, Bibi aliteleza kisimani akaumia nyonga. Alilala pale chini peke yake tangu asubuhi hadi jioni, mpaka wachunga ng'ombe walipomwona. Alipotoka hospitali, baba alimleta aishi nao Musoma mjini, mtaa wa Makoko. Bibi alikubali kwa sharti moja tu: Mgambo naye aje.

Makoko, karibu na ziwa, watu wengi huanika dagaa. Mama yake Jenoveva, Yuliana, alikuwa mmoja wao. Paka anayezurura mchana mahali kama hapo hupigwa mawe, na wengine hutegewa sumu. Kwa hiyo Mgambo alifungiwa ndani tangu dagaa walipoanikwa hadi walipoanuliwa, na kwenye kona ya sebule aliwekewa beseni pana lenye mchanga ili ajisaidie humo.

"Mchanga uwe mkavu na safi," Bibi alimwambia Jenoveva siku ya kwanza. "Wa kule kijitoni. Mgambo ana heshima zake. Mahali asipopapenda, hapatumii."

Kijito hicho kilichokauka kilikuwa nyuma ya kilima cha mawe. Kwenda na kurudi, na ndoo kichwani, kulichukua dakika arobaini. Jenoveva alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na shingo yake haikupenda ndoo. Hata hivyo, kwa wiki mbili alikwenda kila jioni, na Mgambo alilitumia beseni lake vizuri, akafukia uchafu wake na kuondoka akijilamba.

Kisha wasichana wa mtaani walianza mashindano ya rede, mchezo wa kukwepa mpira. Yalianza saa kumi na moja jioni, saa ile ile ya kwenda kijitoni.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na uwanja mdogo wa mchanga. Zamani mama alianika dagaa hapo chini, kabla hajajengewa vichanja vya nyavu. Siku moja Jenoveva alisimama hapo na ndoo tupu, akasikia wenzake wakimwita kwa kelele.

"Jenoveva! Tunaanza bila wewe!" Wankyo, rafiki yake, alipaza sauti.

"Mchanga ni mchanga tu," Jenoveva alijiambia. Alijaza ndoo kwa dakika mbili, akaificha nyuma ya choo, akakimbilia mchezoni. Aliporudi, aliingia ndani na ndoo kichwani, akihema kama mtu aliyetoka mbali.

"Pole mjukuu wangu," Bibi alisema. "Kaa kwanza unywe maji."

Jenoveva alikunywa maji. Kesho yake alifanya hivyo hivyo, na keshokutwa pia.

Siku ya nne, mama aliingia sebuleni akakanyaga mkeka, akaruka. Mkeka ulikuwa umelowa mkojo wa paka.

"Huyu mnyama ana nini?" mama alifoka. "Beseni lake lile pale, mchanga anao, halafu anakuja kukojoa kwenye mkeka wa wageni!"

"Labda ni mara moja tu," Bibi alisema. "Hakuwahi kufanya hivyo, mama Jenoveva."

Haikuwa mara moja. Alikojoa kwenye mkeka tena, kisha chini ya kabati, kisha mlangoni. Mama alisugua sakafu kwa sabuni mpaka mikono ikamchubuka, na bado harufu ilibaki. Kila aliposugua alikasirika zaidi, na hasira yake alimmalizia yeyote aliyepita karibu. Jenoveva alifokewa kwa kuchelewa kuleta maji. Baba alifokewa kwa kuacha viatu mlangoni. Mgambo mwenyewe alijificha chini ya kitanda cha Bibi, akitoa macho tu.

"Jenoveva," Bibi aliita siku moja, "ule mchanga ni ule ule?"

Jenoveva alimtazama machoni. "Ni ule ule, Bibi. Wa kijitoni."

"Basi sielewi," alisema Bibi. "Sielewi kabisa."

Jenoveva naye hakuelewa. Aliona kuwa paka yule amekuwa mkorofi tu. Alimchukia zaidi siku ya Jumatano, alipovaa sweta la shule kwa haraka na kukimbia kuwahi namba, usafi wa asubuhi shuleni. Darasani, jua lilipopanda na chumba kupata joto, harufu ilianza kutoka kwenye mkono wa sweta.

"Jamani!" alisema Gabriel aliyekaa nyuma yake, akiziba pua. "Nani kajikojolea?"

"Nyamaza wewe," Jenoveva alimjibu.

"Kumbe ni wewe! Darasa la sita bado anakojoaga kitandani!"

Darasa zima liliangua kicheko. Hata Wankyo alisogea kidogo mwisho wa benchi. Jenoveva alivua sweta, akalikunja akaliweka kwenye mfuko, lakini harufu haikukunjika. Mpaka kengele ya mwisho walimwita Kikojozi. Alirudi nyumbani akilia kwa hasira, akavua ndala moja mlangoni na kumtupia Mgambo aliyekuwa amelala karibu na cherehani. Ndala ilimpata mgongoni. Paka alilia akakimbia.

"We mtoto!" Bibi alinyanyuka kwa mkongojo wake. "Unampiga kiumbe asiyeweza kusema! Amekukosea nini?"

"Amenikojolea sweta! Nimechekwa darasa zima! Kwa nini hukumwacha Butiama?"

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Alikaa tena taratibu, akashika nyonga yake, na Jenoveva aliondoka bila kuomba radhi.

Jambo baya kuliko yote lilitokea Alhamisi. Baba yake Jenoveva, Bonifasi, alikuwa fundi cherehani. Kwa wiki tatu alikuwa akishona majoho ya kwaya ya kanisa la Nyegina, meupe yenye shingo za zambarau, ya kuvaliwa Pasaka. Alikuwa ameyakunja juu ya kiti, yamepigwa pasi. Alipoinua la juu ili amwonyeshe mkewe, mkono wake uligusa majimaji. Mkojo ulikuwa umepenya majoho matano.

Baba hakuwa mtu wa kelele. Siku hiyo sauti yake ilisikika mpaka ziwani.

"Basi! Imetosha! Nitawaambia nini wanakwaya? Wakamsifu Mungu wananuka mkojo wa paka? Mama, huyu paka aondoke leo hii!"

"Aende wapi?" Bibi aliuliza.

"Popote! Nitamtia kwenye gunia nimpeleke mbali, hata Bugwema, akajitafutie."

"Miaka sita amelala miguuni pangu, Bonifasi. Baba yako alipofariki, nyinyi mlirudi kwenu baada ya siku tatu. Aliyebaki na mimi ni huyo."

"Mama, nisikilize. Umemdekeza. Paka anafungiwa ndani kama mtoto mchanga, anabadilishiwa mchanga, anabembelezwa! Kule kijijini alikuwa nje. Hapa ni nyumba ya watu!"

"Nyumba ya watu," Bibi alirudia polepole. "Na mimi ni nani? Kumbe mimi na paka tumekuja kuwachafulia nyumba ya watu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nimesikia kwa masikio yangu, na masikio hayajaumia, iliyoumia ni nyonga. Nipe simu."

Bibi alimpigia binti yake Justina, anayefuga ng'ombe Mugeta, huko Bunda. Alimwambia aje Jumamosi ampeleke nyumbani Butiama, yeye na paka wake. Baba aligeuka akatazama ukuta. Mama alitupa kitambaa cha kufutia sakafu ndani ya ndoo, maji yakaruka.

"Baba Jenoveva, mwombe radhi mama yako! Mtu alilala kisimani siku nzima! Safari hii akianguka, nani atamwona?"

"Yeye ndiye anayeondoka. Mimi nimemfukuza paka tu."

"Umeshajua kabisa kuwa hataondoka paka peke yake!"

Walibishana mpaka wakachoka. Usiku huo hakuna aliyesemeshana na mwenzake. Jenoveva alilala akifikiria kisima cha Butiama na mawe yake yenye utelezi. Alimwona Bibi amelala chini pale, anaita, na hakuna anayemsikia.

Jumamosi asubuhi Shangazi Justina alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Alimwambia dereva arudi saa kumi kuwachukua. Kisha akaingia, akasimama katikati ya sebule, akakunja pua.

"Mbona ndani humu kunanuka dagaa hivi?"

"Karibu Makoko," baba alisema kwa ukali. Alikuwa bado na hasira na kila mtu. "Hapa kila kitu kinanuka dagaa. Cherehani inanuka dagaa. Hata mimi nanuka dagaa."

"Wewe ndiyo, nimekusikia toka mlangoni," Shangazi alimjibu. "Lakini hii ni nyingine. Inatoka pale." Alielekea kwenye kona, akainama juu ya beseni. "Hiki ni nini?"

"Choo cha Mgambo," Bibi alijibu kutoka kwenye kiti. Mabegi yake mawili yalikuwa tayari miguuni pake.

Shangazi alichota mchanga kiganjani, akaunusa, akaurudisha haraka. "Choo? Mama, hii ni sahani! Huu mchanga unanuka kuliko dagaa wenyewe. Hebu ona." Alichambua kwa kidole. "Kichwa cha dagaa. Magamba. Hiki hapa ni dagaa mzima, amekauka!"

Mama alisogea kutazama. Alinusa, akanusa tena, akatikisa kichwa. "Mimi sisikii kitu, wifi."

"Hamuwezi kusikia, mmeshazoea. Mimi nimetoka kwenye ng'ombe, pua yangu bado inafanya kazi. Sasa niambieni, nyinyi mkiwekewa sahani ya chakula, mtaikojolea? Paka hajisaidiagi anapokula. Hata akibanwa vipi, atatafuta mahali pengine."

Baba alitazama beseni, kisha majoho yaliyokuwa yakining'inia dirishani.

"Huu mchanga unatoka wapi?" Shangazi aliuliza, akimgeukia Jenoveva.

Kabla Jenoveva hajafungua mdomo, Bibi aligonga mkongojo sakafuni.

"Huyo mtoto muacheni! Msimtafutie makosa. Kila jioni ananiletea mchanga kutoka kijitoni, kichwani, mpaka anahema. Hata siku aliyonikosea adabu, mchanga aliuleta. Katika nyumba hii ni yeye peke yake aliyenisaidia bila kunung'unika."

Jenoveva alihisi uso wake ukiwaka moto. Angeweza kunyamaza. Kila mtu angemwamini Bibi. Shangazi angetupa mchanga ule, wangeondoka saa kumi, na hakuna ambaye angejua. Lakini Bibi alikuwa anamtetea. Bibi aliyekuwa amekaa na mabegi miguuni.

"Bibi," alisema, na sauti ilitoka ndogo sana. "Sio wa kijitoni."

"Unasema nini?"

"Mchanga. Nimekuwa nikiuchota hapo nyuma, mama alipoanikaga zamani. Nilitaka kuwahi rede. Naficha ndoo nyuma ya choo, nikimaliza kucheza ndiyo naingia nayo."

"Na kuhema?" Bibi aliuliza.

"Nilikuwa nahema kwa sababu ya kucheza."

Baba alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Tangu lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Wiki mbili! Wiki mbili mama yako anasugua sakafu! Majoho yangu yameharibika! Nimemtolea mama yangu maneno ambayo sijawahi kumtolea maishani! Na wewe unatutazama tu?"

"Sikujua kama ni mchanga, baba. Nilidhani paka ni mkorofi tu."

"Ulipoulizwa ukajibu nini?"

Jenoveva alianza kulia. "Nilisema ni wa kijitoni."

Baba alipiga hatua moja mbele. Shangazi Justina alimshika mkono. "Bonifasi, kaa chini. Hukumuuliza huyo paka, na mama naye hukumuuliza vizuri. Ulipiga kelele tu. Kaa."

Baba alikaa. Jenoveva alimtazama Bibi, akitumaini ataona huruma. Hakuiona. Uso wa Bibi ulikuwa umekaza kama jiwe.

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu," Bibi alisema. "Ukanitazama machoni. Kisha nimegombana na mwanangu nikisema paka wangu hana kosa na mjukuu wangu hana kosa. Umenifanya nionekane mzee mjinga. Chukua ndoo."

"Ndiyo, Bibi."

"Usiniambie ndiyo. Chukua ndoo uende."

Jenoveva alichukua ndoo, akapanda kilima katika jua la mchana. Njiani alipita uwanja wa rede, akasikia Wankyo akimwita. Hakusimama. Kijitoni alichambua mchanga kwa mikono, akatoa majani na vijiwe, akajaza ndoo mpaka juu. Shingo ilimuuma tangu hatua za kwanza, na safari hii hakuitua ndoo mpaka nyumbani.

Alikuta Shangazi na mama wameliosha beseni na kulianika juani. Shangazi alikuwa akisugua kila mahali palipokojolewa kwa siki iliyochanganywa na maji.

"Sabuni peke yake haitoshi," alimweleza mama. "Sisi tunasikia sabuni, yeye anasikia mkojo wake. Akiusikia tu anajua hapo ni chooni."

Majoho nayo yaliloweshwa katika siki, yakasuuzwa, yakatundikwa kwenye kamba. Baba alikuwa ameyasuuza mwenyewe, kimya kimya. Kisha Jenoveva alijaza mchanga mpya kwenye beseni, akaliweka kwenye kona, na Bibi akamwita Mgambo.

Paka alitoka chini ya kitanda kwa uangalifu. Alizunguka beseni. Alinusa. Akaenda zake kukaa mlangoni.

"Ameshakataa," mama alisema.

"Subiri," alisema Shangazi.

Walisubiri. Watu wazima watatu, mtoto mmoja na bibi mwenye mkongojo, wote wamekodolea macho beseni la mchanga. Saa kumi ilifika. Nje bajaji ilipiga honi. Ilipiga tena. Mwishowe dereva alichungulia mlangoni, amekunja uso.

"Mama, tunaenda au hatuendi? Nina abiria wengine."

"Subiri kidogo, baba," Shangazi alimwambia. "Tunamsubiri paka akojoe."

"Mnamsubiri nani?"

"Nyamaza, utamwogopesha!" Bibi alisema kwa ukali.

Dereva alinyamaza, akavua kofia kana kwamba ameingia kanisani. Naye akaanza kulitazama beseni. Mgambo alinyanyuka, akanyoosha mgongo, akarudi. Aliingia ndani ya beseni. Alichimba kidogo kwa mguu, akachimba tena, akachuchumaa.

Hakuna aliyepumua mpaka alipomaliza na kufukia.

"Haya," dereva alisema. "Sijawahi kuona."

Baba alisimama. Alichukua mabegi mawili yaliyokuwa miguuni pa Bibi, na kwa sekunde moja Jenoveva alidhani anayapeleka kwenye bajaji. Lakini baba alibaki ameyashika.

"Mama, nimekosa," alisema. "Nilipaswa kutafuta sababu, nikatafuta wa kumfokea. Hii ni nyumba yako. Naomba usiondoke."

"Bado nimekasirika, Bonifasi."

"Najua, Mama."

"Nitakasirika hata kesho."

"Kasirika ukiwa hapa."

Bibi alimtazama dereva. "Nenda zako, baba. Siendi."

Mgambo hakurudia kukojoa nje ya beseni, isipokuwa mara moja, siku ya pili, kwenye kona moja ambayo mama alisahau kuipaka siki. Majoho yalifika Nyegina kabla ya Pasaka. Shuleni, Gabriel aliendelea kumwita Jenoveva Kikojozi kwa wiki nzima, na Jenoveva alivumilia, kwa sababu safari hii alijua chanzo chake ni nani.

Kesho yake ile, Jumapili jioni, Jenoveva alitoka kijitoni na ndoo kichwani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni.

"Tua hapo," Bibi alimwambia.

Jenoveva aliitua ndoo. Bibi aliinama kwa taabu, akachota mchanga kiganjani, akaunusa. Akaunusa mara ya pili. Kisha akaurudisha.

"Keti hapa," alisema, na sauti yake haikuwa kali kama ya jana yake. "Mtoto kuchoka, kutaka kucheza, si ajabu. Hata mimi nilikuwaga natoroka kuchota maji. Ungeniambia, 'Bibi leo nimechoka,' ningekuambia nenda kacheze, mchanga wa jana utatosha. Kwa uvivu wako tungepata harufu kidogo basi. Lakini ulidanganya, na ukishadanganya, kosa lako linabebwa na mwingine. Alibeba Mgambo akapigwa ndala. Akabeba mama yako kwa kusugua. Nikabeba mimi mpaka nikafunga mabegi. Wewe ulikuwa unacheza rede."

"Nisamehe, Bibi."

"Ulisema ukweli siku ambayo ungeweza kunyamaza. Hilo nimeliona. Lakini kuaminiwa ni kitu kingine, hakirudi kwa siku moja. Leo nimenusa mchanga wako. Kesho nitaunusa, na keshokutwa."

"Mpaka lini?"

"Siku utakayotua ndoo hapa nisiunuse mchanga," Bibi alisema, "siku hiyo utajua mwenyewe. Haya, mpelekee Mgambo."